Kazi ya Mbwana

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Sijui mtu aliyestaafu anataka kujua saa ya nini, lakini nimeitundika sebuleni, na mke wangu Tatu humwonyesha kila mgeni. Mlinipa pia pilau, soda na hotuba tatu. Katika hotuba ya tatu msimamizi alisema, "Mzee Saidi amekaa nasi miaka thelathini na minane, na hajatutolea kazi ya Mbwana hata siku moja." Mkacheka wote. Nami nikacheka, huku nimeishika soda yangu kwa mikono miwili.

Mliniomba niandike machache ya kazini ili mafundi wapya wasome. Nimechelewa miezi saba. Kilichonichelewesha ni kombi moja iliyokuwa uani kwangu, na nimeona bora niandike habari zake kuliko kuandika mengine. Ya vyeo na mishahara mnayo kwenye mafaili, na kwa kweli hayana utamu wowote. Mimi nataka kuwaeleza hilo neno mnalolitumia kila mkiona kiraka kibaya, "kazi ya Mbwana", limetoka wapi. Wengi wenu mnadhani Mbwana ni mtu wa hadithi tu. Mbwana yu hai, anakaa Mohoro, na jina lake nimelikalia mimi mpaka likapondeka.

Mimi ni mtoto wa delta, upande wa Nyamisati. Baba yangu alikuwa akitengeneza mashua, na kazi aliyonifundisha kwanza ni kalafati, yaani kusokomeza pamba iliyolowa mafuta ya papa katikati ya mbao ili maji yasipenye. Kwetu tundu chini ya chombo ni msiba. Ukiliona huulizi limetoka wapi wala la nini, unaliziba, kisha ndipo unaendelea na maisha. Nilikua na akili hiyo mpaka ikaingia kwenye vidole. Nawaambia haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Nilipoajiriwa Kibiti nilikuwa na miaka ishirini na miwili na viatu vya kuazima. Fundi bodi wa karakana wakati huo alikuwa Mbwana, Mmatumbi mwembamba, mrefu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Siku ya kwanza alinitupia bango la trekta, lile bati linalofunika gurudumu, lililobonyea, nyundo moja na kipande cha chuma cha kushikilia kwa nyuma, akaniambia ninyooshe. Nilinyoosha mpaka adhuhuri. Nilipoona limenyooka nikampelekea. Hakulitazama. Alifumba macho, akapitisha kiganja polepole kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Hapa pana kilima," akasema. "Na hapa pana bonde. Mndengereko wewe, umenilimia shamba la mpunga?"

"Lakini Fundi, kwa macho limenyooka."

"Macho yako yanaamini rangi. Funga macho, tumia kiganja."

Nilirudia bango lile siku tatu. Tulikuwa watani, Mmatumbi na Mndengereko, kwa hiyo alinitukana kila siku na mimi nikamtukana, na hakuna aliyenuna. Kazi ile ya kuchosha ilikuwa nyepesi kwa sababu yake. Alinifundisha kukata bati bila kulipinda, kuchomelea vipande vifupi vifupi kwa kurukaruka ili joto lisikunje bodi, na kutoamini puti, ule udongo wa kufukia mabonde ya bati kabla ya rangi. "Puti ni poda ya usoni," alikuwa akisema. "Haimponyi mtu homa." Mpaka leo ninapokuona unapaka puti nene kama kidole, moyo wangu unachoka kabla ya mgongo.

Mwaka wangu wa tatu ililetwa kombi ya Mzee Athumani wa Bungu. Mzee huyo alikuwa akinunua samaki na kamba Nyamisati, anawapakia kwa barafu na chumvi, anawauza barabarani. Mnajua barafu inavyofanya. Inayeyuka, maji ya chumvi yanatiririka sakafuni, yanaingia kwenye kizingiti, lile boksi la chuma linalopita chini ya mlango na kubeba bodi nzima. Vizingiti vyote viwili vilikuwa vimekwisha. Mbwana alikunja bati jipya kwa mkono, kwa kuwa siku zile bati la kununua lililokwisha kukatwa kwa umbo hatukulijua. Upande wa kulia aliufanya mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Upande wa kushoto aliushika kwa vidonge vichache vya moto, nukta za kuchomelea za kushikiza tu, ili usiondoke mahali pake, na zilikuwa zimebaki siku nne Idi ifike. Hapo akaletewa habari ya msiba kwao Mohoro.

Akaniita. "Saidi, choma mshono wote, mwanzo mpaka mwisho. Ndani paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla hujafunga. Nitarudi kesho kutwa."

Hakurudi kesho kutwa. Mto ulikuwa umejaa, na pantoni ikakaa ng'ambo siku tano. Kwangu mimi oksijeni ilikwisha kwenye mtungi kabla sijachoma hata shubiri mbili, na mtungi mwingine ungetoka Dar es Salaam baada ya sikukuu. Mzee Athumani alikuwa anakuja kila siku na kofia yake mkononi. "Mwanangu, kamba watanioozea. Idi ndiyo hii."

Ningemwambia asubiri. Fundi mwenye akili angemwambia asubiri. Mimi nilikwenda nyumbani, nikachukua pamba na kopo la mafuta ya papa, nikaupiga mshono ule kalafati tangu mbele mpaka nyuma, safi kabisa, baba angeniona angejivuna. Kisha nikainama chini na kukuta matundu matatu kwenye kizingiti. Yalikuwa ya kutolea maji. Mbwana aliyatoboa kwa makusudi, ila hakunieleza, na kwake lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba hata halisemwi. Mimi niliona matundu chini ya chombo. Nikayaziba pia. Nikapaka puti juu, nikapiga rangi, na gari likaondoka linang'aa siku moja kabla ya Idi. Maji ya barafu yaliyokuwa yakitoka zamani sasa yakawa yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea, na pamba ikayashika kwenye mshono kama nepi.

Mbwana aliporudi aliniuliza, "Ulimaliza nilivyokuambia?"

"Nilimaliza, Fundi."

Neno moja tu hilo. Nililisema kwa sababu nilikuwa na hakika nimefanya vizuri kuliko alivyoagiza. Ningeanza kumweleza, angeing'oa pamba mbele ya watu na kunitania mwaka mzima. Niliogopa utani, basi.

Masika ya pili, kwenye barabara ya Nyamisati, kombi ilidumbukia shimoni na sakafu ya mbele kushoto ikaachia. Alikuwa amekaa hapo binti wa Mzee Athumani, Mwajuma, anatoka kutembelea shangazi yake. Mguu wake ulipita chini, ukaburuzwa mpaka baba yake aliposimamisha gari. Alipoteza vidole viwili, na tangu siku hiyo anachechemea.

Mzee Athumani alikuja karakana analia na kutukana kwa pamoja. Meneja wa wakati huo akauliza kazi ile ni ya nani. Nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka kwa Mbwana.  Mbwana alinitazama, akauliza tena mbele ya wote, "Saidi, ulimaliza nilivyokuambia?" Nikasema ndiyo. Akageuka kwa meneja akasema, "Basi ni mkono wangu. Niliposhika vidonge nilizidisha moto, bati la sakafu likawa jembamba. Kazi ni yangu mimi."

Kombi haikurudishwa kwetu ili tuipasue tuone. Mzee Athumani, na ni haki yake, aliipeleka Ikwiriri, wakalaza bati zito juu ya sakafu bila kufungua kizingiti. Ikatembea miaka michache, ikafa, ikawekwa bandani nyuma ya nyumba yake Bungu. Mbwana aliondolewa kwenye bodi, akapewa kuziba madebe na ndoo za karakana. Watu wakaanza kumtania: kiraka kikivuja, kazi ya Mbwana, mlango usiofunga, kazi ya Mbwana. Na kwa kuwa ilikuwa utani, hakuwa na mlango wa kulalamikia. Akicheka anaumia, akinuna wanamwambia mtani hanuni. Alivumilia miezi minane. Siku moja akakunja ovaroli yake, akaiweka juu ya benchi langu, akaenda zake Mohoro. Sikumfuata. Nikashika nafasi yake, na siku zikaenda kama zinavyokwenda.

Kati ya hapo na kustaafu nimetengeneza bodi ambazo sikumbuki hata nusu. Nilimwamini nani? Nilijiamini mimi. Kila lilipokuja wazo la kombi nilijiambia ni chumvi ya samaki, chumvi hula hata reli. Kwa maneno hayo nililala vizuri, na sitawadanganya kuwa sikulala. Kilichonichosha kilikuwa kingine, nacho ni kulisikia lile neno. Kila fundi mpya alilijua kabla hajajua kushika nyundo. Na mimi nilikuwa nacheka pamoja nanyi. Mara mbili au tatu nimelitamka mwenyewe.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu, Bi Mwajuma alikuja kwangu. Ni mwalimu mkuu wa shule sasa, anakaribia kustaafu naye, mjane. Nilimwona anaingia uani anachechemea, nikainuka kabla hajapiga hodi.

"Shikamoo kaka Saidi."

"Marahaba mwalimu. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja na shida. Baba kaniachia ile kombi. Watoto wanasema niuze chuma chakavu, na mie sitaki. Injini fundi kasema inafufuka. Nimeagiza na mabati yake ya bodi, mapya, yamekuja kwenye makasha. Nataka mtu wa kuyavisha." Akanitazama usoni. "Nataka fundi wa kweli. Wallahi, sitaki kazi ya Mbwana."

Nilimwambia ailete. Ningeweza kusema mgongo unauma, na nisingekuwa nadanganya. Sijui kwa nini sikusema.

Ililetwa ikiburutwa na trekta, imejaa vinyesi vya kuku. Tatu aliitazama akasema, "Umestaafu au umehamisha karakana?" Nikaiinua juu ya magogo chini ya banda la makuti, nikaanza. Sikilizeni hapa, hili ni la kazi. Kabla hamjakata kizingiti, chomeleeni vyuma vya kona kukatiza uwazi wa mlango, juu na chini. Bila hivyo bodi itajikunja katikati, na hakuna mlango utakaofunga tena. Kateni upande mmoja, malizeni, ndipo mwende upande wa pili. Na bati la kununua msiliamini kwa kuwa limetoka kwenye kasha. La Bi Mwajuma lilipishana na nguzo ya mlango kwa unene wa kidole. Funga milango kwanza, pima mianya, lishike bati kwa skrubu, fungua na funga mara kumi, ndipo uwashe moto. Kwa mwili wangu huu nilikuwa nafanya kazi kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa moja jioni, katikati nalala mkekani kama mgonjwa. Macho yameungua kwa miaka ya kuchomelea, na bega la kulia halipandi juu ya sikio.

Nilianza na kushoto. Nilipitisha grinda kwenye mshono, puti yangu ikaruka, kisha ikaja harufu. Mafuta ya papa yakishapatwa na moto hayasahauliki. Tatu, aliyekuwa jikoni, aliita, "Nani anapika papa?" Nikazima grinda. Nikafungua kile kizingiti kwa bisibisi, na bati likabomoka mkononi kama mkate mkavu. Pamba ilikuwa humo, nyeusi, imeshikamana, bado na unyevu. Kutu ilikuwa imefuata pamba hatua kwa hatua. Ilianzia ilipoanzia pamba na kukomea ilipokomea, isipokuwa kwenye matundu matatu, ambapo ilikuwa imepanda mpaka sakafuni. Pale pa sakafuni ndipo ulipopita mguu wa Mwajuma.

Nilikaa chini. Baada ya muda nikazunguka upande wa kulia, nikachungulia kwa tochi kwenye tundu la kutolea maji. Rangi nyekundu ya Mbwana ilikuwa imelala humo, nzima. Maji ya chumvi yaleyale, barafu ileile, gari lilelile. Nikagonga kwa nyundo kizingiti kizima, kikatoa mlio wa chuma kizima. Mabati mapya ya upande ule hayakuwa na kazi. Hapo kisingizio changu cha chumvi kikaisha, na sikuwa na kingine.

Bi Mwajuma alipokuja kuangalia kazi siku ya Ijumaa, nilimpa kiti na safari hii nikamlazimisha akae. Nikaweka pamba mbele yake kwenye sinia. Nikamweleza yote, mpaka lile neno langu, "Nilimaliza." Alikuwa ameshika mkoba wake magotini, hakuuachia.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mwalimu."

"Na huyu mzee wa watu, mie nimemlaani miaka yote hii. Nimefundisha watoto kumcheka. Shuleni kwangu mtoto akileta daftari chafu namwambia kazi ya Mbwana." Akasimama. "Umeshakwenda kwake?"

"Bado."

"Basi mguu wangu uache. Mguu umeshapona, unachechemea tu. Nenda kwake kwanza."

Nilikwenda kesho yake, nikavuka daraja na basi la asubuhi, pamba nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mbwana nilimkuta barazani kwake anakunja bati la jiko la mkaa. Mikono ni ileile, mwili umebaki nusu. Macho yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti.

"Mndengereko! Bado hujafa?"

"Bado, Fundi. Nimekuja na jambo."

Nikamwekea pamba kiganjani. Akaiminya, akainusa. Nilimweleza yote. Nilitaraji atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, na kusema kweli nilikuwa nalitamani. Hakunitukana. Aliiweka pamba juu ya bati.

"Upande wa kulia ukoje?" akauliza.

"Mzima, Fundi. Rangi yako nyekundu bado imo. Sikugusa kitu."

"Sema tena."

"Mzima. Umelia chuma tupu."

 Mjukuu wake alileta maji, hakuyachukua. Kisha akasema taratibu, kama anajisemea, "Unajua sijagusa bodi ya gari tangu nimetoka Kibiti? Watu wameniita mpaka Kilwa. Nikishika moto nauona ule mguu wa mtoto. Nikasema mkono huu haufai tena, mkono huu unazidisha moto wala haujui. Nikakaa na majiko. Jiko likitoboka haliumizi mtu."

Miaka yote ile nilidhani nimemwibia jina. Kumbe nilikuwa nimemwibia mkono, na yeye mwenyewe aliniamini mimi kuliko mkono wake. Nililia pale barazani, mzee mzima, na hakuninyamazisha.

"Lete gari," akasema nilipoaga. "Maneno yako matupu nilishayaamini siku ile Kibiti."

Nilimaliza kombi kwa miezi minne mingine. Kizingiti cha kushoto nilichoma mshono wote, mwanzo mpaka mwisho, nikapaka rangi nyekundu ndani, na matundu matatu nikayaacha wazi. Puti haimo humo kuzidi unene wa karatasi. Bi Mwajuma alikaa mbele kushoto, nikaendesha mimi, tukaenda Mohoro polepole, kwa sababu gari ni zee na dereva pia.

Mbwana alishikwa mkono mpaka kwenye gari. Bi Mwajuma alimwamkia akamtajia jina lake, na yule mzee akataka kusema kitu, Bi Mwajuma akamwahi, "Baba, niwie radhi mie." Yakaishia hapo kati yao. Kisha Mbwana akazunguka upande wa kulia, akapiga magoti mchangani kwa shida, akafumba macho ambayo hata hivyo hayaoni, akapitisha kiganja chini ya kizingiti tangu gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Alichukua muda mrefu. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Huu ni mkono wangu," akasema.

Akazunguka kushoto. Kiganja kikapita, kikasimama karibu na mlango. "Hapa pana kilima," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. Ni kweli, kipo. Nimekipima baadaye, hakifiki unene wa ukucha.

Nimeandika haya nimechoka, na sina nia ya kuyapamba. Saa yenu inanionyesha nimekaa mezani tangu baada ya alasiri. Ninachowaomba ni kimoja. Mkikuta kiraka kinachovuja, mlango usiofunga, bati lililofichwa kwa puti, msiseme tena kazi ya Mbwana. Mwenye kazi hiyo yupo, mlimpa saa na hotuba tatu. Semeni kazi ya Saidi, na semeni kwa sauti, wafundisheni na watakaokuja. Mimi ni mtani wenu wote, sitanuna.